Kila Mteja Akaitwa Tabita

Foleni ya malori mpakani Tunduma ilikuwa imeziba hata njia ya kupumulia. Gwantwa, mwenye duka la nguo, blauzi ya njano mwilini na robota la vitenge kichwani, aligeuka kumjibu Mzambia aliyemsalimu "mulishani", na kona ya robota ikampiga kijana mmoja sikioni.

"Dada, hilo robota lina leseni?"

"Na hilo sikio lako lina indiketa?"

Basi, kijana huyo, Osea, akanasa hapo hapo. Alikuwa fundi wa programu, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Iyula, shati lake limepigwa pasi mbele tu. Haukupita muda wakawa wanapigiana simu mpaka chaji inakata.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nasubiri unikaribishe."

Kitu kimoja kilimnyima Gwantwa raha. Kabla yake Osea alikuwa na mchumba, Tabita, homa ikamchukua. Gwantwa hakumwonea wivu marehemu. Alitaka tu kujua: amependwa yeye, au amekalishwa kwenye kiti cha mwenzake?

Osea akamtengenezea programu ya kuwatumia wateja meseji mzigo ukifika. Asubuhi moja wakabonyeza, simu ya duka ikaanza kulia.

"Gwantwa, umenitumia nini?" Alikuwa Alinanuswe, mteja wa Igamba, sauti inatetemeka. "'Habari Tabita, mzigo wako umefika'! Tabita yule wa Osea, tuliyemzika tukiimba?"

Akapiga wa Isansa: Tabita. Akapiga wa Iyula: Tabita. Upepo ukaingia, vitenge vilivyoning'inia mlangoni vikajaa kama vimevaliwa. Gwantwa akafungua simu yake mwenyewe. Habari Tabita.

"Osea, hata mimi?"

"Siyo mimi, mpenzi, ni programu!"

"Kumbe programu ndiyo inayomkumbuka?"

Akamtoa dukani na simu zake hakupokea tena. Kesho yake mchana Osea akatokea na laptopu, macho mekundu.

"Nisikilize, halafu unifukuze vizuri. Jina la Tabita na namba yake nilivitumia kuijaribia programu. Nikaviacha mwisho, chini ya wateja wote."

"Kwa nini usifute?"

"Mkono ulikataa." Akageuza kioo. "Ona. Nimeandika *var*. Hicho ni kisanduku kimoja cha jina kwa mzunguko wote wa kuwapitia wateja. Namba inakwenda papo hapo, lakini jina linasomwa baadaye, mtandao ukishajibu. Kufikia hapo mzunguko umeisha, kisandukuni limebaki jina la mwisho tu."

"Dawa yake?"

"*Let*. Kila mteja anapata kisanduku chake."

Gwantwa akakunja tena kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Na moyoni mwako, mimi niko kwenye var au let?"

Osea angeweza kudanganya. "Mwanzoni var," akasema.

"Angalau umesema. Basi usimfute. Mpe kisanduku chake, na mimi nipe changu."

Osea akabadilisha, wakabonyeza. Simu ya Gwantwa ikaita: Habari Gwantwa. Kisha ya Osea, inayopokea majibu ya programu, nayo ikatetemeka mezani, na juu ya kioo likatokea jina alilohifadhia namba ile: Tabita.

Osea hakuigusa. Gwantwa akaisoma kwa sauti.

"'Mara ya pili sasa. Tabita ndiye nani? Hii laini niliinunua dukani, sasa ni yangu.'"

Malori yalipiga honi huko nje. Osea alilia bila sauti, kama mtu anayezika upya. Gwantwa akaichukua ile simu, akaandika: *Samahani ndugu, tumekosea namba.*

"Tumekosea?" Osea akauliza.

"Kwani uko peke yako?"