Nani Kasema, Mwalimu?

Mimi ni Kanze, mhudumu wa afya wa kijiji. Kijiji chetu kiko ndani huko, mbele ya Kinango, mwendo wa saa moja kwa pikipiki. Asubuhi yetu huanza na madumu. Watoto huenda kwanza silanga, lile bwawa letu la maji ya mvua, ndipo waende shule. Mvua ikikosa, silanga hukauka, na safari huwa ndefu zaidi.

Nataka kuwaeleza habari ya mguu wa Sanga. Si habari tamu, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Mwaka jana shule yetu ilipata umeme wa jua. Ikapata vishikwambi thelathini, kompyuta moja na projekta, ile mashine ya kuonyesha picha ukutani. Mwalimu wa mitambo hiyo alikuwa Jethro, kijana mpole kutoka bara. Aliupaka ukuta wa darasa chokaa nyeupe, akaanza kufundisha kwa picha. Watoto walimpenda mno. Waliokuwa watoro wakaanza kufika kabla ya kengele.

Jirani yangu Mwinga ana watoto wawili. Mapenzi yuko Gredi ya Sita. Sanga, mdogo wake, ana miaka minane. Kila jioni Mapenzi alikuwa akimsimulia nduguye aliyoyaona ukutani, na Sanga akisikiliza mdomo wazi.

Siku moja nilikwenda shuleni kugawa dawa za minyoo. Darasa lilikuwa na giza, madirisha yamezibwa kwa magunia. Nikachungulia dirishani, kando ya gunia. Ukutani alikuwepo mtu mgeni mwenye buti kubwa. Nyoka alikuwa amemuuma. Akaufunga mguu wake kwa kamba, akakaza. Akachukua kisu, akajichanja. Akanyonya damu, akatema. Kisha akasimama, akaenda zake.

Watoto wakapiga makofi.

"Mmeona?" Jethro akauliza. "Tufanye nini?"

"Funga! Chanja! Nyonya!" wakaitikia wote.

Moyo wangu ulishtuka. Katika mafunzo yetu tulikatazwa yote matatu. Nilijua. Jethro akaniona, akaja mlangoni.

"Shikamoo, Mama Kanze. Karibu sana."

"Marahaba, mwalimu."

Nikataka kusema. Kisha nikawaza: huyu ana digrii, mimi nina cheti cha siku kumi. Nitamsahihishaje mbele ya wanafunzi wake? Nitamvunjia heshima. Na kompyuta nayo, mimi ni nani wa kuikosoa? Nikagawa dawa zangu, nikaenda nyumbani. Kumbe heshima si utumwa, nami siku ile nilikuwa mtumwa kabisa.

Wiki tatu zikapita. Jumamosi, saa tatu asubuhi, Mapenzi na Sanga walikuwa wakitoka silanga. Sanga alikanyaga moma, yule nyoka mnene, mzito, asiyekimbia mtu. Moma akamuuma juu ya kifundo cha mguu.

Mapenzi hakupiga kelele. Alikumbuka somo. Alirarua leso yake, akaufunga mguu kwa nguvu zake zote. Alikuwa na kisu cha kukatia majani ya mbuzi. Akachanja. Akanyonya, akatema, akanyonya tena. Kisha akambeba nduguye mgongoni hadi nyumbani.

Bibi yao alipouona mguu, alisema neno moja tu: "Hospitali!"

"Sumu imeshatoka, bibi," Mapenzi akasema. "Nimeinyonya. Tulionyeshwa na kompyuta. Yule mtu aliinuka akaenda zake."

Mwinga akasita. Akamtazama mama yake, akamtazama bintiye.

"Mama, haya ni mambo ya kisasa," akasema. "Mtoto amesoma. Tungoje kidogo."

Wakangoja. Mguu ukavimba. Wakangoja. Ukawa mweusi, na Sanga akaanza kuweweseka. Nilipoitwa, ilikuwa saa tisa alasiri.

Mungu wangu! Ile leso ilikuwa imezama ndani ya nyama. Nilitamani kuifungua palepale, lakini tulifundishwa: kilichokazwa muda mrefu hufunguliwa hospitalini, mbele ya daktari. Nikaulaza mguu kwenye ubao usitikisike. Tukampakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia. Njia nzima alikuwa akiniuliza, "Shangazi, mbona siusikii mguu wangu?" Nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Hospitalini tulipokelewa na muuguzi anayeitwa Caroline.

"Hii imefungwa tangu lini?" akauliza.

"Tangu saa tatu."

Akafumba macho kidogo, kisha akaanza kukimbia. Sanga alipewa dawa ya kuzima sumu. Alipona. Lakini mguu ulikuwa umekufa. Waliukata chini ya goti.

Tuliporudi kumtazama na familia yake, Caroline alitueleza bila kuficha.

"Sumu ya moma hula nyama, ni kweli. Lakini kukaza kamba huzuia damu, na mguu usio na damu hufa. Kuchanja huongeza kidonda. Kunyonya hakutoi sumu. Na saa zile sita mlizongoja ndizo zilizokuwa za kumpa dawa. Angefika mapema bila kamba na bila kisu, huenda tungeuokoa."

Mapenzi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mimi ndiye niliyefunga," akasema. Baada ya hapo hakusema neno tena kwa muda wa miezi miwili. Nawaambia kweli, ule unyamavu ulinitesa kuliko mguu.

Wazazi tukaitwa shuleni. Mwinga alikuja na nyundo. Akaiweka mezani, kando ya projekta.

"Nani alitengeneza ile filamu?" akamwuliza Jethro.

Jethro akaitazama nyundo. "Sijui, mzee. Niliitoa kwenye mtandao. Ilikuwa fupi, nikajua watoto wataifurahia."

"Hujui! Mtoto wangu amekatwa mguu kwa maneno ya mtu usiyemjua?"

"Nimekosa," Jethro akasema. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

Mwinga akainua nyundo. Hapo ndipo nikasimama.

"Mwinga, kama ni kupiga, anza na mimi. Nilisimama pale dirishani. Niliiona."

"Ulijua ni makosa?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Akanitazama. "Kanze, Sanga ulimpokea kwa mikono yako alipozaliwa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bibi yake Sanga ndiye aliyesema. Alikuwa na hasira, wala hakuinuka kwenye benchi.

"Vunjeni basi! Kesho watoto watasoma nini? Mimi nilisema hospitali. Hamkunisikia, kwa sababu mimi sina waya wala taa. Mashine ikisema, nyote kimya. Hakuna anayeiuliza kitu."

Mwinga akaishusha nyundo polepole. Hakumsamehe mtu siku ile. Aliichukua nyundo yake, akatoka.

Sisi tuliobaki tulikaa hadi jua likawa kali. Tukakubaliana. Mwalimu atatazama kila filamu tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kuionyesha. Atajiuliza: nani kaitengeneza, na lini? Je, inafaa kwa watu wa kwetu? Kama ni ya afya, ataniuliza mimi au Caroline. Kama ni ya mifugo, atamwuliza bwana mifugo. Asipopata wa kumhakikishia, haionyeshi. Na mwanafunzi akiwa na shaka, anyooshe mkono. Kuuliza si ujinga.

"Na wewe, Mama Kanze," Jethro akaniambia, "ukiona kosa, ingia hata kama ninafundisha."

"Nitaingia, mwalimu. Hata kwa dirisha."

Hakuna aliyecheka.

Caroline akaja kutusaidia kutengeneza somo letu wenyewe, kwa kishikwambi cha shule. Alitaka mtoto wa kulala chini kama aliyeumwa. Sanga akasogea kwa magongo yake.

"Nitalala mimi," akasema. "Tumieni huu uliobaki."

Caroline akageuka ukutani akajipangusa macho. Kisha akafanya kazi. Katika filamu ile anasema: "Ondoka karibu na nyoka, usimfukuze. Vua viatu na bangili kabla mguu haujavimba. Mtulize mgonjwa. Ulaze mguu kwenye ubao usitikisike, lakini usikaze. Usichanje. Usinyonye. Usiweke jiwe la nyoka wala majani. Nendeni hospitali sasa hivi." Madarasa yote yaliiona, na wazazi pia.

Mvua za vuli zilipoanza, binti wa jirani yetu Chengo aliumwa na moma shambani kwao. Wenzake wakamlaza. Mmoja akakimbilia pikipiki, mwingine akanipigia simu. Alifika hospitalini kabla ya saa mbili kupita. Akalazwa siku tisa.

Chengo alipita nyumbani kwa Mwinga kumshukuru Sanga kwa lile somo. Mapenzi alikuwa akipepeta mahindi. Akauliza, na ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumsikia tangu hospitalini.

"Mguu wake upo?"

"Upo, mwanangu. Unamuuma bado, lakini anautembelea."

Mapenzi akaweka uteo chini, akalia kwa sauti. Mwinga akamshika bega, akamwacha alie.

Juzi nilipita shuleni tena na dawa zangu. Magunia yako madirishani kama zamani. Jethro alikuwa ameshika waya wa projekta. Sanga ameketi mbele, magongo yake chini ya dawati. Kabla taa haijawaka, akanyoosha mkono. Hufanya hivyo kila somo, na hakuna anayemkemea.

"Nani kasema, mwalimu?"

Jethro akauachia waya. Akawaeleza filamu ni ya nani, ya mwaka gani, na nani hapa kwetu ameikagua. Sanga akasikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Washa."