CD Kumi za Besi

Siku albamu ya kwanza ya wale waimbaji vijana wanne ilipoingia madukani, foleni ilianzia kaunta, ikapita mlango wa vioo, ikajikunja hadi kwenye ngazi. Wasichana walipiga kelele kila boksi jipya lilipofunguliwa. Muuzaji wa duka la muziki, binti mpole aliyevaa gauni la kijani lenye vifungo vidogo vya shaba, hakuwa na nafasi hata ya kufuta jasho.

"Nipe kumi," ilisema sauti nzito.

Akainua macho. Kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, miwani myeusi, shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Akatazama jalada la CD, akamtazama mteja.

"Kaka, hapa jaladani wewe ni wa pili kutoka kushoto."

"Shh! Dada, utaniua. Hawa wakinijua nitatoka hapa bila shati."

"Mwimbaji mzima unanunua CD zako mwenyewe?"

"Moja ya mama, tisa za mashangazi."

"Una mashangazi tisa?"

"Wa tisa ni mjomba."

Binti alicheka hadi akakosea kurudisha chenji. Kijana, ambaye wenzake walimwita Besi kwa ile sauti yake nzito, aliondoka na namba ya simu ya binti.

Siku nne walizungumza kwa simu kila mapumziko ya mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nani mpenzi wako?"

"Nalijaribu tu hilo neno kama linakutosha."

"Linabana kidogo."

"Livae hivyohivyo, litalegea."

Besi alimweleza pia hofu yake: albamu isipoingia kumi bora za chati ya mauzo wiki ya kwanza, kampuni haitawarekodi tena.

Ijumaa binti alijaza karatasi ya mauzo inayopelekwa kwa watayarishaji wa chati. Sheria ilikuwa wazi: nakala zilizonunuliwa na mwanamuziki mwenyewe hazihesabiwi. Akaandika: "Kumi zimeondolewa. Mnunuzi ni mwimbaji."

Jumamosi matokeo yakatoka. Wa kumi na moja. Walikosa nakala sita tu.

Simu ikalia. "Meneja amenionyesha karatasi. Ni wewe uliyezitoa?"

"Ni mimi."

"Ungenyamaza tu! Wenzangu wanalia hapa kama watoto."

"Nisingeweza kuandika uongo, Besi. Hata kwa ajili yako."

"Basi kaa na ukweli wako."

Binti alizima simu, akaitupa ndani ya mkoba, akalia stoo katikati ya maboksi.

Jumatatu mchana redio ikatangaza: albamu mbili zimefutwa kwenye chati, maana wanamuziki wenyewe walizinunua kwa siri kwa mamia. Ya vijana wanne nayo ilichunguzwa, lakini karatasi ya duka moja ilionyesha hata CD kumi za mwimbaji zilikuwa zimetolewa kwenye hesabu, ikasalimika. Sasa wako wa tisa! Duka likafurika upya.

Saa tisa Besi akaingia, kichwa wazi, bila miwani. Kelele zilitikisa vioo. Akapasua umati hadi kaunta.

"Nisamehe."

Binti hakuinua macho. "Umekuja kwa sababu mmekuwa wa tisa. Mngebaki wa kumi na moja, ningekuona?"

"Washa simu yako."

"Nina wateja."

"Dada, washa tu!" alifoka msichana aliyekuwa mbele ya foleni. "Tutangoja!"

Akaiwasha. Ujumbe ukaingia mfululizo, saba, wote wa Jumapili, siku moja kabla ya tangazo. Wa mwisho ulisema: "Ulifanya sawa, mimi ndiye niliyekosea. Wasipoturekodi tena nitatafuta kazi nyingine. Mwingine kama wewe sitampata."

Masikio yalimwaka. Yeye, aliyeona haya hata kuuliza jina la mteja, akamwachia muuzaji mwenzake kaunta, akazunguka, akamshika Besi mkono mbele ya foleni nzima.

"Tunakwenda wapi?" Besi aliuliza, akihema.

"Kwa mama yangu. Mtaa mzima umeshajua, haifai yeye awe wa mwisho kusikia."