Kambare Waliopotea Katika Bwawa la Gamaliel

Ninaitwa Éliakim Kasonia, mwana wa Gamaliel, mwana wa Mathe.

Mathe alikuwa mtu wa kwanza wa kilima chetu, huku upande wa Musienene, kujua kusoma na kuandika. Gamaliel, baba yangu, alichimba bwawa la samaki kwa jembe lake mwenyewe zamani za Wabelgiji, na hata leo watu huliita bwawa la Gamaliel. Mimi nilifundisha shule miaka thelathini na minane. Nikawa mzee wa kanisa miaka ishirini.

Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuitwa mwizi wala mwongo.

Someni tena hapo, nyinyi mnaosoma kwenye simu zenu. Hakuna aliyewahi KUITWA.

Sasa niwaeleze...

Jioni moja ya Jumamosi, mtu alipiga magoti katika ua wangu. Nguo zake zilikuwa zimelowa matope hadi kifuani. Mikono yake ilijaa matope hadi kwenye viwiko. Mwanangu Kasika alikuwa amemkamata ukosi wa shati.

"Mwizi! Kambare za mutoto wangu ziko wapi?"

"Papa Kasika, mimi hapana iba! Haki ya Mungu!"

"Na hii matope? Ulikuwa unaoga?!"

Yule mtu akanitazama mimi.

"Muzee, si ulinituma kwa moulin leo asubui? Ubaambie!"

Watu wote wakanigeukia. Majirani. Wajukuu. Hata shemasi wetu, aliyekuwa amenisindikiza kutoka kanisani.

Nikajibu neno moja tu.

"Sikumbuki."

Nilikuwa nakumbuka!

Mtu huyo ni Lusenge. Alitukimbilia kutoka kijiji kimoja nyuma ya Beni, baada ya nyumba yao kuchomwa. Hakuwa na ndugu hapa. Mjukuu wangu Jokébed, binti wa Kasika, ndiye aliyemwajiri alinde bwawa.

Jokébed amesomea kilimo hapo Butembo. Alipomaliza, alikuja kwangu na daftari.

"Koko, hii etang yenu inalala njaa."

"Bwawa linalala njaa namna gani? Lina tilapia tangu enzi za baba yangu."

"Njo nasema! Samaki ya namna moja tu, miaka yote ile. Sikia, Koko. Bata balale juu ya maji. Mavi yabo inaanguka, maji inageuka kijani, tilapia anakula. Kisha tunatia kambare, anakula batoto ba tilapia."

"Anakula watoto?! Unataka kufuga muuaji katika bwawa la Gamaliel?"

"Koko! Tilapia anazaaka bila kipimo. Batoto bote bakibaki, chakula hapana tosha, bote banabaki badogo. Kambare ni... nisemeje... ni planning familial, uzazi wa mpango ya etang!"

Nyumba nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

"Kambare hana magamba," nilimwambia. "Sisi Wasabato hatuli samaki asiye na magamba. Wewe unajua."

"Lakini nani amesema tutakula? Tutauzia Bakatoliki!"

Lusenge, ambaye ni Mkatoliki, akadakia kutoka mlangoni. "Mutupatie sisi, Muzee! Tumbo yetu hapana soma ile sheria!"

Nilikubali kwa shingo upande. Jokébed akawaahidi akina mama waliokimbia vita, wale wanaokaa kwa jamaa zao mtaani kwetu, kwamba siku ya kuvua angewapa samaki wa kula na vifaranga vya samaki vya kuanzia mabwawa yao. Alitia tilapia kwanza. Tilapia walipokua kidogo, akatia kambare thelathini na wanne, wadogo kama kidole cha shahada.

Miezi miwili ikapita kwa amani.

Kisha Sabato moja, shemasi akanisogelea mlangoni mwa kanisa.

"Mzee Kasonia, ni kweli unafuga najisi siku hizi?"

Alisema kwa sauti ya chini. Lakini watu wanne walisikia, na mmoja alitabasamu.

Wapendwa... tabasamu lile lilinichoma kuliko moto!

Sikumwambia Jokébed. Sikumwambia mtu. Sabato iliyofuata, asubuhi, nilimtuma Lusenge kwenye moulin, yaani kinu cha kusaga, akachukue pumba za bata. Kanisani nikasema ninakwenda kumwombea mjane mgonjwa. Watu wa nyumba yangu wote walikuwa ibadani, wanaimba.

Nami nilikuwa bwawani.

Nilivua koti na tai, nikavitundika kwenye uzio wa bwawa. Nikafungua bomba la kutolea maji. Maji yaliposhuka hadi magotini, nikaingia na wavu, mimi, mtu wa miaka sabini na minne! Kambare huteleza kama sabuni. Niliwatafuta mmoja mmoja kwenye tope hadi nikafikisha thelathini na wanne, nikawabeba kwa ndoo hadi mtoni, nikawamwaga.

Mnaona nilichofanya? Nilivunja Sabato ili nilinde sheria ya magamba.

Kisha nikanawa, nikafungulia maji ya mfereji yajaze bwawa tena, nikavaa tai, nikarudi kanisani. Alasiri nikaongoza maombi.

Tuliporudi nyumbani maji yalikuwa bado chini. Jokébed akavuta wavu. Tilapia tele, kambare hata mmoja. Na Lusenge alikuwa amesimama pale, peke yake, matope mwili mzima.

Hata mimi nilishangaa yale matope. Lakini nilishukuru, Mungu anisamehe. Nilishukuru kwamba yapo!

Ndipo likaja lile neno. Sikumbuki.

Jokébed alilia. "Lusenge, mimi nilikuamini!"

Lusenge alinitazama tena. Muda mrefu. Alikuwa na nafasi ya kusema zaidi, nami nilimwona akilimeza neno. Akafungasha nguo zake ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, akaondoka na jina la mwizi mgongoni.

Miezi minne baadaye ilikuwa siku ya kuvua. Akina mama walikuja na mabeseni, wengine na watoto mgongoni. Jokébed alivaa kitenge kipya. Wakavuta wavu, ukawa mzito, wakapiga vigelegele!

Wavu ukafika ukingoni...

Samaki walikuwa maelfu. Na hakuna aliyepita kidole changu cha kati.



"Jokébed," mama mmoja akauliza taratibu, "hii ni tilapia ao sambaza, dagaa ya ziwa?"

Mwingine akacheka, kisha akaacha, kwa maana alimwona mjukuu wangu amekaa chini kwenye tope na kitenge chake kipya.

"Bamezaliana," alisema. "Hakuna mwenye kubapunguza. Bote bamekosa kukula." Akafunika uso. "Lusenge njo ameniua, Koko. Lusenge njo ameniua."

Akina mama waliondoka na mabeseni yao yakiwa na vidagaa. Mmoja alininong'oneza "pole, Muzee" alipokuwa akipita. Pole! Mimi!

Usingizi ulinikimbia siku tatu. Siku ya nne nikapanda gari la Beni, ambako majirani walisema Lusenge anafanya kibarua.

Nilimkuta kwenye ghala la kakao, anapakia magunia kwenye lori. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliweka gunia chini taratibu.

"Muzee. Kuko mutu amekufa?"

"Hapana. Lusenge, nimekuja kukwambia jambo. Wale kambare..."

"Niliona."

"Uliona nini?"

"Nilikuona weye. Koti juu ya lupango, weye ndani ya maji na ndoo. Moulin ilikuwa imefungwa, nilirudia mbio. Nikajificha mu migomba. Niliona haya kukutokea vile."

Yeye ndiye aliyeona haya. Kwa ajili yangu!

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Nani angenisikia? Mimi mukimbizi, weye ancien, muzee wa kanisa." Akafuta jasho. "Nilikuuliza mara moja mbele ya bantu. Ukasema hukumbuke. Ile yote ilikwisha pale."

"Na yale matope, Lusenge? Ulikuwa unafanya nini ndani ya bwawa?"

Hapo akacheka kwa mara ya kwanza. Kicheko kifupi, kikavu.

"Muzee, weye hukufunga tuyau."

"Bomba?"

"Ulifungua maji ya kuingia, ukasahabu kufunga ya kutoka! Maji yote ilikuwa inaenda mutoni na tilapia ndani. Niliingia, nikatafuta kifuniko mu matope na mikono. Nilisukuma na tumbo mpaka jua kushuka, njo ikafunga. Ningechelewa kidogo, Jokébed hangekuta hata moja."

Nikaketi juu ya gunia la kakao bila kukaribishwa.

Alihukumiwa kwa matope ya kuokoa bwawa letu. Kutoka kwenye kosa langu!

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi hapana mwana wako, Muzee." Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Baliniita mwizi mbele ya bantu. Weye unakuja kuniomba pardon nyuma ya magunia. Hapana. Enda useme kule kule."

Akainua gunia lake.

Sabato iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa lote. Nilisema yote: ndoo, koti, mjane niliyemtaja kwa uongo, bomba. Kasika aliinamisha kichwa. Shemasi alitoka nje. Wazee wenzangu walinivua uzee wa kanisa wiki ileile, na sikujitetea. Sasa ninakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, pamoja na wachelewaji.

Jokébed hakunisemesha siku tisa. Siku ya kumi alileta ndoo tupu, akaiweka miguuni pangu.

"Kambare bapya, Koko. Utaenda kubanunua weye mwenyewe. Na utapita katikati ya soko, bantu bakuone."

Nilipita katikati ya soko.

Lusenge hakurudi kwetu. Jokébed alikwenda Beni kumpimia bwawa lake mwenyewe: bata, tilapia, kambare, na bustani ya mboga chini, inayokula tope la bwawa. Nimempigia simu mara sita. Hajapokea. Ni haki yake.

Nanyi vijana, sikilizeni, maana sitarudia.

Mzee wenu akijibu "sikumbuki" wakati mtu anapoteza jina lake, muulizeni mara ya pili. Muulizeni mbele ya watu! Msitishwe na mvi wala tai. Na kama yupo mtu mliyemwita mwizi kwa sababu tu hakuwa na ndugu wa kumsemea, ondokeni mlipo, mwende mkaseme kosa lenu palepale mlipomwaibisha.

Leo. Hilo si ombi.