Ndizi za Moto Kutoka Mbeya

"Mbeya ni mbali," mzee Kasian alisema. "Binti yangu haolewi mahali ambako chakula cha mama yake hakiwezi kumfikia kikiwa cha moto."

Lutengano alikuwa ameketi mbele yake pale Iringa, kofia mapajani. Juliana, binti mwenyewe, alisikiliza akiwa jikoni. Walipendana tangu kijana huyu wa Kinyakyusa alipoletwa kufyeka nyasi za uwanja wa ndege wa Nduli. Sasa alikuwa amerudishwa uwanja wa kwao Mbeya, na alitaka kuoa.

Mzee hakuwa mkorofi bure. Dada yake Juliana aliolewa Chunya, mbele ya Mbeya. Alipougua, lori alilopanda baba yake lilikwama kwenye tope la Chimala, na mzee akafika mwanawe ameshazikwa.

"Kwa lori ni mbali, baba," Lutengano alisema taratibu. "Kwa ndege ni saa moja na nusu. Chakula cha mama yangu kikifika hapa cha moto, je?"

Mzee alicheka. "Kikifika cha moto, tutazungumza. Kikipoa, usinikanyagie tena uani."

Wiki mbili baadaye Juliana alimsomea baba yake simu ya maandishi iliyoletwa kutoka posta: NDIZI ZINAKUJA ALHAMISI ASUBUHI. MNGOJE NDULI.

Alhamisi hiyo, kule Mbeya, mama yake Lutengano, Tusajigwe, alipika ndizi na nyama alfajiri, akafunika chungu kwa majani ya mgomba na kukizungushia mablanketi mawili. Alimwonya mwanawe kwamba akikimwaga asirudi nyumbani. Lutengano, bingwa wa kufukuza ng'ombe uwanjani, hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Rubani alimpa nafasi nyuma, kati ya mifuko ya barua. Juu ya Usangu ndege ilirukaruka, naye akakikumbatia chungu, macho kayafumba, akisali kwa Kinyakyusa.

Pale Nduli, mzee Kasian alikuwa amesimama uwanjani na mwavuli wake. Nyuma yake alikuwapo Juliana.

"Kamwene, baba," Lutengano alisalimia kwa Kihehe, akishuka na chungu kifuani.

Mzee alikipokea chungu, akakiweka chini. Alifungua mablanketi, akafunua majani. Mvuke ukampiga usoni. Alichukua kipande cha ndizi kwa vidole, akakitia mdomoni, kisha akaanza kuhema mdomo wazi kwa sababu kilimuunguza.

Machozi yalimtoka mbele ya watu, wala hakuyaficha.

"Kwa ndege hii ningewahi," alisema. "Ningemkuta mwanangu."

Akala kipande kingine, na kingine. Ndizi zilipokwisha, Lutengano alinyoosha mikono apokee chungu amrudishie mama yake.

"Acha," mzee alisema. "Chombo cha watu hatukirudishi kitupu. Mwambie mama yako kinabaki kwangu. Atakipeleka Juliana mwenyewe, akishafunga ndoa."

Juliana alipiga vigelegele palepale uwanjani, peke yake, bila kungoja wanawake wa kumsaidia.