Fulana-Hakimu

Filimbi haikulia, fulana ndiyo iliyoamua. Winga alimlalia mwenye mpira pumzi moja zaidi ya sheria, nyuzi za fulana-hakimu zikajikaza, akaganda kama kinyago, mkono hewani. Mashabiki wakashangilia. Tangu marefa wa damu na nyama waondolewe kwenye raga ya watu kumi na watatu, hakuna tena wa kuhongwa wala kutukaniwa mama.

Makokha, mvalisha fulana, hakushangilia. Mkewe Nafuna alifia ndani ya moja.

Hapo mwanzo fulana ililegea mchezaji akizimia. Wachezaji nao si wajinga: aliyegandishwa alijifanya maiti, akaachiwa, akatimua mbio. Wakubwa wa Ligi walipochoka kuchekwa, wakaifuta huruma hiyo. Nafuna akazimia kweli, kifua kimebanwa. Wakubwa walileta maua matangani na kusema sheria ni ileile kwa wote. Kwa wote! Wao huvaa suti.

"Usimlalie mtu leo," Makokha alikuwa amemwambia bintiye Nabwile akimfunga vifungo.

"Baba, raga bila kulaliana si itakuwa kwaya?"

Sasa Nabwile alikuwa chini. Alimwangusha Chelimo, nahodha wa wapinzani, kisha akakandamizwa naye, kichwa kikagonga ardhi. Refa wa zamani angeona kwamba amenaswa. Fulana ilijua tu kwamba hajaondoka. Ikambana.

"Anaigiza huyo!" jukwaa likazomea.

Makokha akachomoa mkasi, akaruka mstari. Lakini kila aingiaye uwanjani huvaa fulana, hata yeye. Mtu wa kumi na nne: ikamgandisha kabla hajamfikia mwanawe.

"Mzee amekuwa sanamu!" Kicheko.

"Chelimo! Haigizi! Chukua mkasi!"

Chelimo akauchukua. Kushika chombo ni kosa. Akaganda ameinama, ncha ya mkasi ikigusa kifungo cha kwanza. Mwenzake akaja, akaugusa, akaganda. Mwingine. Mwingine. Kicheko kikafa. Juu, nyuma ya kioo, wakubwa waliendelea kunywa chai. Mashine haikuwa imekosea hata mara moja.

"Sikio lako liko karibu naye," Makokha akasema. "Anapumua?"

"Anapumua, mzee."

"Niambie kila anapovuta pumzi."

"Amevuta." Kimya. "Amevuta."

Kimya kikarefuka.

"Chelimo?"

Machozi yalimtiririka Chelimo, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.