Aliyeketi Bustanini na Goretti

Vipandikizi vya waridi vilichanua siku ya tisa. Egesa, karani wa forodha pale Busia, alishangaa, kwa maana aliyempa kule Tororo alimwambia asubiri miezi. Lakini mkewe Goretti alifurahi, basi Egesa akaendelea kuvimwagilia.

Hiyo ilikuwa Januari 1965. Egesa mwenyewe ndiye aliyeichora bustani ile ya nyumbani kwao Buhehe: tao la fito mlangoni, waridi jekundu kulia, jeupe kushoto, na katikati benchi la watu wawili. Udongo aliuchimba kwenye kichuguu cha nyuma ya nyumba, ingawa majirani walimsihi akiache.

Siku moja homa ilimrudisha nyumbani saa sita mchana. Akamsikia Goretti akicheka bustanini. Alikuwa benchini peke yake, ameelekea upande mtupu.

"Unaongea na nani?"

Goretti alimtazama, kisha akatazama pembeni yake. "Si wewe? Tumekaa hapa tangu saa nne."

"Mimi natoka ofisini sasa hivi."

Hapo Egesa alinusa mvua, harufu ya mvua inayopiga udongo wa moto, na hali mbingu ilikuwa kavu kabisa, na mbele ya macho yake mto wa kukalia uliokuwa umebonyea upande ule mtupu wa benchi ukaanza kuinuka taratibu, kama mtu mzito anavyonyanyuka bila haraka, na tao likatikisika pasipo upepo.

Walimwita mganga kutoka Masaba, mama mmoja aitwaye Agwang. Alinusa udongo, akautemea mate.

"Kichuguu kile ulichobomoa kilikuwa nyumba ya jini, kisha ukamwekea benchi," alinong'ona. "Sasa amevaa sura yako. Mimi siwezi kumtoa, baba. Aliyemkaribisha kando yake ndiye atakayemfukuza. Goretti, mtazame machoni, umwambie aondoke. Mara moja tu, maana utakayemwambia hatakuwa na hiari, atakwenda."

Kesho yake mchana Agwang alifukiza majani yake. Moshi ulipotanda, mwanamume akapita chini ya tao: shati la Egesa, mwendo wa Egesa, kovu la Egesa kidevuni. Akasimama upande wa pili wa Goretti.

"Mke wangu, mimi ndiye," Egesa alisema.

"Tangu unijengee bustani hii, umekaa nami mara ngapi?"

Egesa akalitazama benchi.

"Huyu huniuliza nimelalaje."

"Goretti! Huyo si mtu!"

"Najua," alisema polepole. Kisha akamgeuzia mumewe macho. "Ondoka."

Agwang aliacha chetezo chake akakimbia. Egesa alitaka kumshika mkewe mkono, lakini miguu yake haikumtii tena, ilimgeuza na kumpeleka hatua kwa hatua hadi barabarani, na huko nyuma aliisikia sauti yake mwenyewe, ya upole kuliko alivyowahi kuitumia, ikimuuliza Goretti kama jua halimchomi.