Kahawa Iliyotemwa Ijumbi

Meli ya Mwanza ilikuwa imefika, na gati la Bukoba lilijaa mikungu ya ndizi, wapagazi na jamaa wanaoitana kwa Kihaya. Katika msukumano huo, sanduku la bati likamgonga Kokugonza mguuni.

"Wewe kaka, macho umeyaacha melini?"

"Nimeyaacha Hamburg, dada. Samahani sana. Ndiyo kwanza narudi kutoka mafunzoni."

"Mlikuwa mkifundishwa kugonga wasichana?"

"Kuonja kahawa."

Kokugonza akaangua kicheko, gauni lake la manjano likitikisika. "Mhaya kapanda ndege kwenda kufundishwa kahawa!"

Protase, kijana mwenye sanduku, hakuona aibu. Alikwenda kwa mpango wa kubadilishana vijana: wa kwao walikuja kujifunza kwetu, wa kwetu wakaenda kwao. Sasa alikuwa mwonjaji kamili katika ofisi ya kahawa, na suti yake ya Kaunda ilimkaa vizuri, hilo sitalikana.

Kokugonza alifanya kazi kwenye mitambo ya simu. Ofisi yoyote mjini ikinyanyua simu, ilipita kwanza sikioni mwake.

"Namba tafadhali?"

"Nipe Kokugonza."

"Namba hiyo haipo."

"Basi nipe sauti yake tu, mpenzi, niende nayo chakula cha mchana."

Hata mvua za masika zilipoanza, walikuwa wamekwisha kupendana. Wakati huohuo Kokugonza naye alichaguliwa kwenda Yugoslavia kusomea ufundi wa simu. Kilichobaki ni ruhusa ya baba yake, Mzee Rugaibula, aliyemwita Tata, maana bila baraka yake asingeondoka. Wakaenda Ijumbi pamoja: yeye aombe safari, Protase ajitambulishe.

Nyasi mbichi zilikuwa zimetandikwa sebuleni. Mama akaleta kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, ambayo katika nyumba ya Mhaya mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Protase akatia punje mdomoni, akatafuna, akavuta hewa kwa kelele, akaizungusha ulimini. Kisha akaitema, ptu, juu ya nyasi.

"Ina unyevu," akasema. "Daraja la tatu."

Hakukusudia. Mwonjaji hamezi, kutwa huonja na kutema, na mdomo wake ulifanya ulichozoeshwa. Lakini mimi ninayesimulia ningemchapa kibao! Mzee Rugaibula aliinuka akatoka nje.

Siku iliyofuata Protase alipiga simu.

"Namba tafadhali."

"Koku, mpenzi wangu..."

"Ndugu mteja, namba!"

"Nisikilize. Nilijisahau."

"Kujisahau kwako kumeninyima safari! Tata amesema huko Ulaya ndiko mnakofundishwa kutema vya wazazi, na binti yake hatoki. Nimewashinda wanaume wa ofisi nzima kuipata nafasi hii, halafu unakuja wewe, ptu! Umenitema na mimi, Protase!"

"Nitakwenda kumwomba radhi."

"Usiende kwa ajili ya posa. Posa imekufa. Nenda ukairudishe safari yangu!"

Akachomoa waya. Protase alipopiga tena, Kokugonza akachomoa tena, na ofisi ya kahawa ikashinda siku nzima bila simu.

Protase alipanda basi kwenda Ijumbi. Safari hii alivaa shati la kawaida, na hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Leo umekuja kupima nini?" Mzee Rugaibula aliuliza. "Ndizi zangu?"

"Nimekuja kuomba radhi, waitu," Protase akajibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Kosa ni langu peke yangu. Mimi nilirudi bila adabu. Koku hawezi kurudi hivyo. Ninyimeni binti, msimnyime safari."

Mzee akasukuma kikapu kilekile mbele yake. "Tafuna."

Akatafuna.

"Meza."

Akameza.

"Tena."

Ikawa tena na tena, mpaka kikapu kikabaki kitupu. Mzee hakucheka hata kidogo.

"Daraja la ngapi?"

"Sipimi, waitu. Ninakula."

"Kokugonza ataondoka," mzee alisema. "Wewe sijakusamehe."

Siku ya safari, Kokugonza alisimama gatini katika koti la buluu, uso umekunjwa.

"Bado nina hasira."

"Najua, Koku."

"Usicheke!"

"Sicheki."

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na tunda moja la kahawa, jekundu, la shambani kwao. Akalibinya, zikatoka punje mbili. Kwa Wahaya, wanaogawana punje za tunda moja hawatupani tena. Moja akaitia mdomoni mwake, nyingine akamwekea Protase kiganjani.

"Tata alinipa jana kwa mkono wake. Alisema nusu nimpe nitakayemtaka."

Macho ya Protase yakalowa. "Koku, yaani..."

"Yaani uningojee kama nilivyokuwa nikingoja safari hii. Nikirudi tunaoana. Na ukiitema, Protase, nitasikia hukohuko Yugoslavia!"

Honi ikalia, naye akapanda bila kugeuka nyuma. Protase akaimeza punje ile mbichi, yenye utelezi, akaufunga mdomo wake mpaka meli ilipokipita kisiwa cha Musira.